Besi Bila Ampu: Njia za Bei Nafuu kwa Mwanafunzi Mbeba Boksi

Mhariri wetu aliniomba niandike kuhusu utafiti wangu wa udaktari. Nikamjibu kwamba kuna siku hata mimi sielewi utafiti wenyewe unahusu nini, hivyo aniache niandike jambo ambalo watu huniuliza kila tunapokutana kwenye sherehe na kwenye misiba: "Kaka, na mimi nataka kujifunza besi, lakini ile ampu yake bei gani?"

Jibu fupi ni kwamba si lazima uinunue. Jibu refu ndilo hili, na lina hasara ndani yake, maana ada ya somo hili nililipa mwenyewe.

Nilifika Louisville kusoma shahada ya uzamili nikiwa na gitaa la besi la mtumba, nyuzi 4, bila ampu. Nikajiunga na wenzangu kadhaa, wengi wao ndugu zetu wa Kongo ya mashariki, tukawa tunapiga kanisani na kwenye shughuli za jamii. Jumamosi moja tukaitwa kupiga kwenye mchango wa msiba. Kijana mwenzetu alikuwa amefariki, na mwili ulitakiwa usafirishwe nyumbani. Nyote mnajua hesabu ya kusafirisha mwili kutoka huku, ni maelfu ya dola na hakuna punguzo. Kukodi ampu ya besi kwa siku moja kungekula dola 90 kutoka kwenye kapu la msiba, tukasema hapana, tutabanabana. Mama mmoja wa Uvira, ambaye kinanda kilikuwa chake, akatuazima spika ya kinanda.

Nikachomeka, nikafungua sauti. Nyimbo mbili za kwanza, shwari. Wa tatu ulikuwa wa kuchezeka, watu wakaanza kuinuka kuja kutuza, mpiga ngoma kakolea, mimi besi siisikii. Nikaongeza sauti. Nikaongeza tena, na kile kitufe cha besi nacho nikakizungusha mpaka mwisho. Spika ikatoa mlio kama mtu anapasua mbao, kisha kimya. Watu waliokuwa njiani kuja kutuza wakasimama, wakatazamana, wakarudi vitini na noti zao mkononi. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko spika.

Mama yule alikuja, akaitazama ile koni iliyochanika, akaniambia: "Wewe mwenye unasoma injenia, ndiyo umeniulia spika?" Nililipa dola 140 kwa miezi mitatu. Mpaka leo akiniona ananiita injenia wa kuua spika, na watoto wake nao wameshika hilo hilo jina.

Sasa nikakaa chini kama mtu aliyesoma, nikajiuliza kilichotokea.

Uzi mnene kabisa wa besi, ule wa E, unatikisika mara 41 hivi kwa sekunde, yaani hezi 41. Uzi mnene wa gitaa la kawaida uko hezi 82. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa spika ni balaa. Spika hutoa sauti kwa kusukuma hewa, koni inakwenda mbele na kurudi nyuma. Kila ukishuka oktavo moja, yaani hezi zikipungua nusu, koni hiyo hiyo inabidi isafiri umbali mara 4 ili sauti ibaki na nguvu ile ile. Spika ndogo ya kinanda cha nyumbani haina nafasi ya kusafiri hivyo. Koili yake inatoka nje ya sumaku, inagonga, karatasi inachanika. Ukizungusha kitufe cha besi mpaka mwisho ndiyo unaisukuma kaburini kwa mikono yako miwili.

Juu ya hilo, sikio letu ni zito kwa sauti za chini. Hilo limepimwa maabara tangu miaka ya 1930: sauti nene inahitaji nguvu kubwa zaidi kuliko sauti ya kati ili masikio yaone zimelingana. Ndiyo maana mpiga solo anatamba na ampu ya wati 30 na wewe mwenye besi unaambiwa utafute wati 300. Si uonevu. Ni fizikia.

Hata wenyewe Wamarekani walihangaika. Leo Fender alipotoa besi yake ya umeme mwaka 1951, mwaka uliofuata alilazimika kutoa na ampu yake, Bassman, kwa sababu zilizokuwepo hazikuweza kazi. Kichekesho ni kwamba ile Bassman wapiga gitaa la kawaida waliipenda kuliko wapiga besi, wakaichukua wao. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ikatoa SVT, wati 300 za taa zile za kioo, na kabati la spika 8 za inchi 10. Kabati hilo peke yake linazidi kilo 60. Jaribu kulipandisha ghorofa ya tatu mwezi wa pili ngazi zikiwa na barafu, halafu uje unisimulie.

Hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo. Mjomba wangu kule Morogoro alipiga besi miaka ya themanini. Hakuwahi kumiliki hata waya. Wale mnaozijua bendi zetu za dansi mnajua utaratibu: vyombo ni vya shirika, vya chama cha wafanyakazi, vya kampuni au vya tajiri. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 ikaja kuwa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo hizo herufi za DDC. Mwanamuziki akigombana na mwenye vyombo anatoka na vidole vyake tu. Mjomba alitoka hivyo, na hakupiga tena, kwa sababu hakuwa na cha kupigia. Nilipokuwa naondoka aliniambia ninunue chombo changu, hata kama kibovu. Hakusema kama nikanunue chombo kizima au vipande vipande, na mimi nimechukua hiyo ya vipande.

Tuanze na siri ambayo wauza maduka hawatakwambia kwa haraka. Ampu ya besi inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuipokea ishara dhaifu ya gitaa na kuitengeneza. Ya pili ni kuikuza na kusukuma hewa. Kazi ya pili inaweza kufanywa na spika yoyote kubwa yenye umeme wake, kama zile za ukumbini au kanisani zinazoitwa PA. Kwa hiyo unachohitaji kumiliki wewe ni kile kifaa cha kazi ya kwanza, ambacho ni kidogo kama kitabu cha Zaburi.

Kwa nini usichomeke besi moja kwa moja kwenye miksa? Unaweza, na itasikika, lakini itakuwa butu kama imefunikwa blanketi. Pikapu za besi (si zile za kubeba mahindi, nazungumzia sumaku zilizo chini ya nyuzi) zinataka mlango wenye ukinzani mkubwa, omu milioni 1 hivi. Mlango wa kawaida wa miksa una omu 10,000 tu, na ule wa maikrofoni una omu elfu moja au mbili. Ni sawa na kuteka maji kwenye bomba jembamba kwa pampu kubwa: presha inakufa. Zinazokufa kwanza ni zile sauti za juu zinazoleta ule mguso wa kidole kwenye uzi.

Dawa yake ni kisanduku kinachoitwa DI. Kuna DI za transfoma tupu, hazihitaji umeme, ni ngumu na hazifi ovyo, ila ukinzani wake ni omu laki moja na kitu, kwa hiyo besi isiyo na betri inapoteza makali kidogo. Kuna DI zinazotumia umeme, ama wa betri ya volti 9 ama zile volti 48 zinazotoka kwenye miksa kupitia waya wa maikrofoni. Kama besi yako haina betri ndani, chukua hii ya pili. Ukiwa na hela kidogo zaidi, chukua DI ambayo pia inaigiza tabia ya ampu, mfano SansAmp ya Tech 21, au zile za bei ya chini zilizoiga humo humo, kama BDI21 ya Behringer. Yangu ni hiyo ya pili, nilikuta imetumika, dola 25. Kuna watakaoguna. Nawaambia hivi: pale Motown, Detroit, besi ya James Jamerson ilirekodiwa kwa kuchomekwa moja kwa moja kwenye mitambo bila ampu, na dunia nzima inaicheza mpaka leo.

Ukiwa na hicho kisanduku, ukumbi wowote wenye vyombo vizuri umeshakuwa ampu yako. Shida ni ukumbi wenye vyombo vidogo. Hapo ndipo lile kosa langu la Louisville linaponisaidia, kwani ubongo wa binadamu una ujanja mmoja mtamu sana. Sauti ya uzi wa E si hezi 41 peke yake. Ndani yake kuna 82, 123, 164 na kuendelea. Ukiiondoa ile 41 kabisa ukaacha zilizobaki, ubongo unaijaza wenyewe, mtu anasikia E ile ile ya chini. Redio ndogo ya betri kule nyumbani haiwezi kutoa hezi 41 hata ukiipiga makofi, lakini uliimba na besi ya Maquis ukiisikia kwenye redio hiyo hiyo.

Kwa hiyo kwenye spika ndogo fanya kinyume cha nilivyofanya. Miksa nyingi zina kitufe cha kukata sauti za chini, mara nyingi kuanzia hezi 75 hadi 100. Kibonyeze. Punguza besi, ongeza kidogo sauti za kati za chini, kwenye hezi 150 mpaka 250. Masikio yatapata kila noti, na koni itaacha kurukaruka. Kifua hakitatikisika, hilo nakubali. Ila watu watacheza, na spika ya mama wa watu itarudi nzima.

Nilipohamia Columbus kwa masomo ya udaktari nilikuta hali nyingine. Huku jamii ni kubwa, ndugu zetu Wasomali peke yao ni wengi kuliko mji wowote wa Marekani ukiacha Minneapolis, na harusi hazikosekani. Tukapata kazi nyingi za kumbi zisizo na vyombo kabisa. Hapo DI haikusaidii, utaichomeka ukutani? Nikaanza kuzunguka maduka ya rehani na matangazo ya Craigslist na Facebook.

Nilichojifunza: usitafute maandishi ya "besi" kwenye tangazo, kwani hayo maneno yanapandisha bei. Tafuta spika ya PA yenye umeme wake, inchi 12 au 15. DJ akiacha udijei anauza haraka. Tafuta pia ampu ya kinanda, ile kubwa ya jukwaani, siyo ya nyumbani kama niliyoua, maana imetengenezwa ipokee sauti za chini za kinanda, ambazo zinashuka chini kuliko besi. Mimi nilipata spika ya PA ya inchi 15 kwa dola 120. Mwenyewe alisema ina mvumo. Mvumo wenyewe ulikuwa waya umelegea, nikaubana kwa bisibisi sebuleni.

Msidanganyike na wati. Kutoka wati 100 kwenda 200 unaongeza desibeli 3 tu, ambazo sikio linaona ni nyongeza ya wastani. Ili watu waone sauti imekuwa maradufu unahitaji wati mara 10 hivi. Kinachosahaulika ni usikivu wa spika yenyewe, ile namba ya desibeli kwa wati 1 kwa mita 1. Spika ya desibeli 96 ikipewa wati 50 inapiga sawa na ya desibeli 90 iliyopewa wati 200. Namba hiyo mara nyingi ipo kwenye kitabu chake, na kitabu kinapatikana bure mtandaoni. Nyingine zinaandika wati kubwa kubwa za sekunde moja kabla ya kuungua, hizo zipuuze.

Kuhusu sabufa za nyumbani, kwa kuwa swali hili haliepukiki: hapana. Zile zimetengenezwa kwa muziki uliokwisha kubanwa studio, ambako kila noti imesawazishwa. Besi hai ina mshindo wa ghafla pale kidole kinapoachia uzi, na mshindo huo ndio muuaji. Kwa mazoezi ya sauti ya chini sawa, ukipitisha kwenye DI.

Kwa mazoezi ya usiku chumbani, pale ambapo jirani wa chini ana kazi ya alfajiri, njia nafuu ni vile vidude vya kuchomeka kwenye gitaa vyenye tundu la hedifoni, kama amPlug ya Vox. Au laptopu na kiunganishi cha sauti chenye mlango wa gitaa. Mwenye Mac ana GarageBand bure. Tatizo la kompyuta ni kuchelewa: ukiweka sampuli 256 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, kuingia na kutoka kunakula milisekunde 12 hivi, sawa na kusimama mita 4 kutoka kwenye spika. Inavumilika. Ukiweka 1,024 utajiona unapiga na mtu mwingine aliyeko Kentucky.

Nisipite bila kusema la usalama, kwa sababu wengi wetu tunanunua vikuukuu. Ampu ya zamani ya taa ina kapasita zinazohifadhi mamia ya volti hata ikiwa imechomolewa. Usifungue kama hujui. Ukiona plagi ya pini mbili tu, peleka kwa fundi aweke ya pini tatu, na usikate kamwe ile pini ya ardhi eti kuondoa mvumo. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alifia jukwaani Swansea, kwa sababu ya umeme usio na ardhi, mkono kwenye maikrofoni na gitaa shingoni. Mvumo unaondolewa na swichi ya kukata ardhi iliyoko kwenye DI, ambayo inakata ardhi ya waya wa sauti tu na kuiacha ile ya ukutani mahali pake.

Msimu wa baridi uliopita tukaitwa Buffalo. Msiba tena. Mpiga solo alitoka Louisville, akanipitia Columbus kwa barabara ya I-71, tukaenda nayo mpaka Cleveland, kisha I-90 ukingoni mwa ziwa, watu wanne na vyombo vyote ndani ya gari moja dogo. Ampu ya kweli isingeingia, au angeshuka mmoja wetu. Ukumbi ulikuwa West Side, kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi. Spika ilikuwa imelala kwenye buti usiku kucha, baridi kama samaki wa friji. Mwenyeji wetu akataka tuwashe mara moja, wazee wameshafika. Nikamwomba nusu saa. "Mzee, shikamoo, ikiwashwa sasa hivi itakufa." Kitu baridi kikiingia kwenye joto kinatoa jasho, na maji kwenye saketi ni mgogoro. Alinuna, lakini alisubiri.

Tulipiga saa tatu. Nilikuwa na DI ya dola 25 na spika ya dola 120, sauti za chini nimezikata kwenye hezi 40 hivi kuipunguzia koni safari zisizo na faida. Dada aliyeshika kapu alikuwa mbele yangu, na kila wimbo ulipokolea nilimtazama yeye badala ya vidole vyangu. Foleni ya kutuza haikukatika. Mzee mmoja wa Bujumbura alikuja baadaye akaniambia besi ameisikia vizuri, ila ameisikia masikioni, haikufika kifuani. Ni kweli. Mpiga ngoma akipiga kwa nguvu zote kwenye ukumbi mkubwa, spika moja ya inchi 15 inazidiwa, na ampu halisi yenye kabati lake bado ni mfalme. Nikipata spika ya pili kama hii, nitaziweka pamoja sakafuni, karibu na ukuta. Ukuta na sakafu vinarudisha sauti za chini mbele, hiyo nguvu ni ya bure.

Jambo la mwisho kwa wanaofikiria kurudi na vyombo nyumbani. Umeme wa huku ni volti 120, hezi 60. Tanzania ni volti 230, hezi 50, na majirani zetu wako hapo hapo. Geuza ampu uangalie mgongoni. Ikiandikwa 100–240, badilisha waya tu. Nyingi za kisasa za daraja D, zile nyepesi za kilo mbili tatu, ziko hivyo, ila si zote, soma. Ikiandikwa 120 peke yake utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na hata hapo, transfoma ya ndani iliyochorwa kwa hezi 60 peke yake itapata joto zaidi kwenye hezi 50. Kisanduku cha DI cha betri hakina habari na yote hayo.

Changu nimekwisha kumwahidi mjomba. Spika itabaki hapa Columbus. Kwa sasa ipo kwangu, na chama kikiwa na shughuli, msiba hasa, njooni muichukue bila malipo. Masharti ni mawili: uje na mtu wa pili wa kubeba, na kile kitufe cha besi ukiache katikati.